Raba za mazoezi ya kila siku: anza na njia unayokimbilia, jina la kampuni baadaye

Ngata_Alfajiri (Nakuru)

Wadau, kila Januari njia ya kutoka Milimani kupanda Menengai hujaa wakimbiaji wapya, na swali linalonifikia ni lile lile: "Nipe jina la raba nzuri." Siku hizi sitoi jina. Nauliza: unakimbilia wapi, mara ngapi kwa wiki, na kiatu ulicho nacho kimelika upande gani? Ukishajibu hayo, jina la kampuni linabaki jambo dogo.

Nianze na njia, maana ndiyo inayoua kiatu. Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, na chini yetu ni udongo wa volkano. Kiangazi, lile vumbi jepesi hupenya kwenye wavu wa kiatu, linatulia chini ya insoli na kwenye kona ya kisigino, halafu kila hatua linasaga kitambaa. Muda si mrefu bitana ya kisigino imetoboka na plastiki inachungulia, ilhali soli bado ni nzima. Ndiyo maana kiatu chenye wavu mpana, kile kinachosifiwa kwamba kinapitisha hewa, kwetu hapa si sifa sana. Tafuta kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Na ukirudi mazoezini, toa insoli, kung'uta kiatu ukutani. Basi.

Soli nayo. Geuza kiatu, bonyeza kwa ukucha. Ile raba laini iliyotiwa hewa itabonyea: ni tamu kwenye lami, lakini maramu ya kwenda Njoro inaichuna vipande vipande. Raba ngumu yenye kaboni haibonyei, ina uzito kidogo, na inakaa. Viatu vingi vya mazoezi huwekwa ngumu kisigino na laini mbele, na mpangilio huo unafaa watu wengi. Vile ambavyo sponji, ile tabaka laini kati ya mguu na soli, imeachwa wazi bila raba ili kupunguza uzito, waachie watu wa lami. Kuhusu uzito wenyewe, gramu 100 zaidi kwa kila kiatu hukuongezea takriban asilimia 1 ya nguvu unazotumia. Siku ya mashindano hiyo ni hesabu nzito. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, nani anakupima?

Sasa kuhusu starehe, na hapa najua nitapingwa. Kuna ile desturi ya kulowesha unyayo, kukanyaga karatasi, kisha muuzaji anakutazama kama daktari na kusema mguu wako ni bapa, chukua hiki cha bei kali. Jeshi la Marekani lilijaribu jambo hilo kwa makurutu wa nchi kavu, wa anga na wa wanamaji. Kundi moja lilipewa viatu kulingana na umbo la unyayo, kundi la pili likapewa aina moja ya kiatu bila kujali unyayo. Majeraha yakawa karibu sawa. Mwaka 2015 Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, na wenzake wakapendekeza kwamba mkimbiaji achague kwa starehe: kiatu ambacho mguu wako unakikubali wenyewe pengine ndicho kinachofuata mwendo wako wa kawaida. Mimi niko upande huo.

Lakini starehe ya kusimama dukani si starehe ya kukimbia. Nenda kununua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za kutwa. Vaa soksi zile zile za mazoezi. Simama wima, si kuketi kwenye benchi, uhakikishe kuna nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Wengine kidole cha pili ndicho kirefu, angalia kwanza. Toa insoli uikanyage: nyama ya mguu ikimwagika kando, kiatu ni chembamba, na usidanganywe kwamba "kitafunguka". Kisha kimbia. Hata kama ni kwenye veranda ya duka na watu wanakutazama.

Karibuni. Kisumu mko?

Omera_Dunga (Kisumu)

Tupo. Kwetu tatizo si vumbi, ni joto na jasho. Tuko chini, mita 1,130 hivi, na kama huondoki nyumbani kabla ya jua kuchomoza, kurudi kutoka Dunga ni kuungua. Mguu unavimba ndani ya kiatu, soksi za pamba zinalowa, malengelenge yanaota. Kwa hiyo ile nafasi ya kidole gumba uliyosema, sisi tunaihitaji kweli kweli, na soksi ziwe za nyuzi zisizoshika maji.

Niongee kuhusu mitumba kwa sababu ndiko wengi tunakonunua na hakuna anayetufundisha. Jumapili soko la Kibuye, muuzaji amepanga viatu vimeoshwa, vimepigwa brashi, kamba mpya, vinang'aa. Usitazame juu. Fanya hivi.

Weka vyote viwili juu ya kitu kilicho sawa, uvitazame kutoka nyuma. Kimoja kikiinama ndani au nje, sponji imekufa upande huo na wewe utainama nacho. Kisha tazama sponji ubavuni: mikunjo midogo midogo ya mlalo iliyobaki hata bila mtu ndani ni dalili kwamba imeshabanwa kupita kiasi. Bonyeza kwa kidole gumba mahali pa kisigino, kwa ndani, ukiwa umetoa insoli. Irudi polepole lakini irudi. Isipobonyea kabisa, imekauka.

Soli kulika kidogo upande wa nje wa kisigino si kasoro, wakimbiaji wengi hugusa chini hapo kwanza. Ila ikilika mpaka ukaona rangi ya sponji, rudisha.

Halafu fungua ulimi wa kiatu usome kile kibandiko. Wengi hutazama saizi tu. Viatu vya Adidas huandikwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na vya Nike navyo huwa na tarehe. Kiatu kinaweza kuwa hakijavaliwa hata siku moja na bado kikawa kizee. Zile sponji za zamani za poliyurethani hulika kwa unyevu wa hewa: utakivaa, ukimbie hadi kona, kisigino kibomoke kama biskuti. Kwa unyevu wa hapa ziwani, mwaka wa kutengenezwa ni jambo la kuuliza kabla ya bei.

Kurutu_Mtarajiwa (Bungoma)

Mulembe wote. Najiandaa kwa usajili wa jeshi. Nina elfu tatu, haiongezeki. Nakimbia asubuhi siku tano kwa wiki, nusu lami nusu maramu. Hapa mtaani kuna raba mpya kabisa za elfu mbili, zimeandikwa jina kubwa. Au nichukue mtumba? Au hata zile raba za turubai?

Ngata_Alfajiri (Nakuru)

Mdogo wangu, raba za turubai zina soli bapa ya mpira, hazina sponji ya maana. Kutembea sawa, kilomita nane za lami kila asubuhi utalalamika muundi.

Fanya hesabu ya bei kwa kilomita badala ya bei ya kiatu. Kiatu cha mazoezi cha kweli hudumu kati ya kilomita 500 na 800, kutegemea uzito wako na njia. Tuseme kipya ni 9,000 ukakikimbiza kilomita 700: ni kama shilingi 13 kwa kilomita. Mtumba wa 2,500 uliobakiza kilomita 300 ni kama shilingi 8. Hiyo feki ya 2,000 ikifungua mdomo kwenye kilomita ya 100, umelipa 20 kwa kilomita, na bado goti hujalitibu. Feki ndicho kiatu ghali kuliko vyote hapo.

Kwa elfu tatu, chukua mtumba kamera, yaani wa daraja la juu, si fagia, yale mabaki ya mwisho. Fuata alivyosema Omera.

Mzee_Kiamunyi (Nakuru)

Vijana mnapenda kusumbuka. Sisi shule tulikwenda miguu mitupu, kwenda na kurudi, na riadha tukashinda. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 bila kiatu. Hizi zote ni biashara za wazungu.

Ngata_Alfajiri (Nakuru)

Shikamoo mzee. Bikila alishinda Roma miguu mitupu, kweli. Na Tokyo 1964 akashinda tena, safari hiyo amevaa viatu.

Hata hivyo hoja yako siitupi. Mwaka 2010 mtafiti Daniel Lieberman na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha wakimbiaji wa Bonde la Ufa waliokua bila viatu. Walionyesha kwamba wengi wao hutua kwa mbele au katikati ya unyayo, na pigo la mguu kugusa ardhi huwa dogo. Lakini mguu huo ulijengwa tangu utotoni. Mtu aliyekaa ofisini miaka kumi na viatu vya ngozi akivua ghafla aingie maramu, mshipa wa kisigino utamwambia. Mzee wewe unaweza. Mimi siwezi.

Mzee_Kiamunyi (Nakuru)

Marahaba. Hapo umesema. Lakini vioo vya chupa havikuwa vingi enzi zetu, hilo nalo ongeza.

Kaboni_Tupu (Eldoret)

Mnazunguka mbuyu. Nunua kiatu chenye bamba gumu la kaboni ndani ya soli mara moja, kimbia nacho kila siku, mwili uzoee kasi. Huku Eldoret na Iten unavipata kutoka kwa wanariadha waliorudi Ulaya, vimekimbiwa mbio moja au mbili.

Ngata_Alfajiri (Nakuru)

Kila siku? Hapana. Viatu hivyo vimetengenezwa kwa siku moja. Mwethiopia Tigist Assefa alipokimbia marathoni ya Berlin 2023 kwa 2:11:53 alivaa Adidas ya gramu 138 iliyouzwa dola 500, na kampuni yenyewe ilisema ni ya marathoni moja tu pamoja na muda wa kukizoea. Sponji ile ni laini ajabu, raba ya chini ni kama utando. Ipeleke kwenye changarawe uone.

Tena zile soli nene, ambazo sheria ya mbio za barabarani inaziruhusu hadi milimita 40, zinayumba ukikanyaga jiwe. Kwenye lami iliyonyooka ni raha. Kwenye njia ya msitu wa Menengai yenye mizizi ni kuuza kifundo cha mguu. Kama unacho, kivae kwa mbio zenye saa na kwa mazoezi machache ya kasi. Siku nyingine zote vaa kiatu cha kawaida.

Kaboni_Tupu (Eldoret)

Sawa, lakini muda wangu umepungua sekunde kumi na tano kwa kila kilomita. Utabishana na saa?

Omera_Dunga (Kisumu)

Saa hatubishani nayo. Tutaongea na goti lako Desemba.

Fundi_Soko_la_Juu (Nakuru)

Naona mnaongea kuhusu kununua tu. Mimi niko upande wa viatu vikiharibika, na kuna mambo yananiuma.

La kwanza, soli ikianza kuachama mbele, mtu ananiletea na neno moja: "Shona." Kiatu cha ngozi nashona. Raba ya kukimbia, uzi ukizungushwa pembeni na kukazwa, unabana sponji ukingoni, na kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Mbele inakuwa ngumu, haikunji pale vidole vinapokunja, na mwenye kiatu anaanza kuumwa na nyayo bila kujua chanzo. Kinachotakiwa ni gundi, na gundi ina taratibu zake. Vumbi na gundi ya zamani visuguliwe kwa msasa mpaka pande zote mbili ziwe na ukali. Gundi ipakwe pande zote mbili, nyembamba, iachwe mpaka ukigusa kwa kidole isishike. Ndipo zinakutanishwa, zinagongwa kwa nyundo polepole, kisha nafunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli kuzunguka kiatu chote na kukiacha hadi kesho. Mteja anayesema "nasubiri hapa hapa" ananilazimisha kumharibia.

La pili, kisigino kikilika upande mmoja, wengine hubandika kipande cha tairi. Tairi ni nzito na haibonyei. Ukibandika nene, umeinua kisigino kimoja kuliko kingine, na kiuno kinajua. Mimi naweka raba nyembamba ya kufidia pale palipolika tu, na nikigusa kimoja napima na cha pili.

La tatu ni hilo la bitana ya kisigino alilosema Ngata. Usingoje plastiki itokeze. Ikianza kuchanika tu, leta, naweka kiraka cha ngozi laini kwa ndani. Kazi ndogo, bei ya chai na mandazi, na kiatu kinarudi barabarani.

Na la mwisho, sponji ikishakufa hakuna fundi anayeifufua. Usinibembeleze.

Mama_Section58 (Nakuru)

Asante fundi, mimi nimeshonewa mara nyingi na sasa naelewa nyayo zangu.

Naongeza la wanawake. Viatu vya kike hutengenezwa vyembamba kuliko vya kiume kwa urefu ule ule. Baada ya kuzaa mguu wangu ulipanuka na haukurudi, na nikawa natafuta saizi kubwa zaidi, matokeo yake kisigino kinatoka. Dawa ilikuwa kuacha namba na kutazama sentimita. Kwenye kibandiko cha ulimi kuna saizi ya Marekani, ya Uingereza, ya Ulaya, na mara nyingi ya sentimita, iliyoandikwa CM au JP. Namba 40 ya kampuni moja si 40 ya nyingine, lakini sentimita zinakaribiana. Pima mguu wako ukutani, kisigino kikigusa, tia alama kwenye karatasi, beba kipimo sokoni. Sasa navaa vya kiume vya sentimita zangu, na rangi sijali.

Kama kisigino bado kinateleza, kuna lile tundu la mwisho la kamba ambalo watu huliacha. Pitisha kamba humo kutoka nje kwenda ndani ili ifanye kitanzi kidogo kila upande, kisha kila kamba ipite kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini, funga. Kisigino kinashikwa bila kubana mgongo wa mguu. Na kama vidole vinakufa ganzi, kamba za mbele zimekaza kupita kiasi, zilegeze hizo tu.

Omera_Dunga (Kisumu)

Dada hii ya kitanzi ni dhahabu. Mteremko wa Riat bila hiyo, kucha zinakuwa nyeusi zote.

Walimu_FC (Kakamega)

Swali la haraka. Huku mvua ni karibu kila alasiri. Viatu havikauki hadi asubuhi. Mama watoto huviweka kando ya jiko. Ni sawa?

Fundi_Soko_la_Juu (Nakuru)

La hasha. Moto wa jiko unalegeza gundi na kukakamaza sponji. Toa insoli, legeza kamba, jaza magazeti ndani, badilisha magazeti kabla ya kulala, acha penye upepo. Jua kali la mchana nalo si rafiki. Tope lisugue kwa brashi na maji baridi yenye sabuni kidogo, usiloweke kwenye beseni usiku kucha.

Ngata_Alfajiri (Nakuru)

Na ukiweza, mwalimu, uwe na jozi mbili unazobadilishana. Kuna utafiti wa Luxembourg uliofuata wakimbiaji 264 kwa wiki 22. Waliotumia viatu zaidi ya jozi moja kwa zamu walikuwa na hatari ndogo ya kuumia kwa asilimia 39. Si lazima zote mbili ziwe mpya. Moja iwe ya lami, nyingine ya maramu na matope, na kila moja ipate siku ya kukauka. Kwa mvua ya Kakamega hilo si anasa.

Ila ukibadilishana jozi, tazama kimo cha kisigino. Mtu aliyezoea kisigino kilichoinuka milimita 10 kuliko mbele, mfano Nike Pegasus, asirukie ghafla kiatu cha milimita 4 kama Enda Iten, ile ya kampuni yetu ya Kenya. Si kwamba kimoja ni kibaya. Mshipa wa nyuma ya kifundo na misuli ya shavu la mguu ndiyo itakayobeba tofauti hiyo. Anza na mbio fupi mara moja kwa wiki, ongeza taratibu.

Walimu_FC (Kakamega)

Misuli ya shavu la mguu, hapo umenipata. Nilidhani ni uzee.

Kurutu_Mtarajiwa (Bungoma)

Wakubwa, nimefika Kibuye leo na shangazi. Nimeshika Brooks moja hapa. Kibandiko kinasema sentimita 27.5, mguu wangu karatasini ni 26.5. Imelika kidogo nje ya kisigino, rangi ya sponji haionekani. Juu ya meza imesimama wima. Anataka 2,800. Ninunue?

Omera_Dunga (Kisumu)

Umetoa insoli?

Kurutu_Mtarajiwa (Bungoma)

Nimetoa. Nikibonyeza inarudi. Bitana ya kisigino cha kulia imechanika kama ukucha.

Omera_Dunga (Kisumu)

Hiyo bitana ndiyo punguzo lako, mwonyeshe bila kelele. Kisha mwambie akuruhusu ukimbie nayo mpaka mwisho wa safu ya vibanda na kurudi, shangazi abaki na pesa na viatu vyako kama rehani. Akikataa, rudisha. Akikubali, sikiliza vidole na kisigino, usisikilize muuzaji.

Kurutu_Mtarajiwa (Bungoma)

Amekubali. Nimekimbia mara mbili, watu wakadhani nimeiba. Haibani popote, ila kisigino kinateleza kidogo, nimefunga kile kitanzi cha Mama Section 58 kikatulia. Nimelipa 2,300. Fundi, bitana naileta Nakuru au nitafute mtu Bungoma?

Fundi_Soko_la_Juu (Nakuru)

Tafuta hapo Bungoma, nauli ya Nakuru ni ghali kuliko kiraka. Mwambie ngozi laini, gundi, na uzi mwembamba juu tu kwenye ukingo wa bitana. Akishika ile sindano kubwa ya soli, chukua kiatu chako uondoke.